Leseni ya Bongo na gari la kukodi Dubai, inatosha yenyewe au mpaka kile kibali cha kimataifa?

BabaWawili_Kimara

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo kwa mwenye uzoefu maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake na muda unaenda.

Mwezi wa 12 panapo majaliwa naenda Dubai siku 9 na familia, mimi, mke, watoto wawili mmoja miaka 3 mwingine 8, pamoja na mama yangu mzazi ana miaka 71 na magoti yanamsumbua sana. Hii safari nimeitunzia hela miaka miwili na kiukweli ni kwa ajili yake, mdogo wangu wa kike kaolewa anaishi Abu Dhabi na mama hajawahi kuwashika wajukuu wa kule, anawaona kwenye simu tu. Sasa mtu wa magoti, na mtoto wa kubebwa, na mabegi, kupanda treni kushuka kutafuta teksi, nimepiga hesabu nikaona bora nikodi gari niendeshe mwenyewe.

Leseni yangu ni hii ya kadi ya TRA, daraja D, nimeendesha miaka 11 sijawahi kugonga mtu wala gari la mtu. Haijaisha, inaisha mwezi wa tatu mwakani. Binamu yangu anasema leseni ni leseni, ukionyesha unapewa gari. Mwenzangu wa ofisini anasema bila "leseni ya kimataifa" hata funguo huzishiki, na akanitumia linki ya websaiti moja unajaza fomu unalipa kwa kadi unatumiwa leseni ya kimataifa ya miaka 10 kwenye simu. Jana usiku nilikuwa nimeshajaza kila kitu nikabakiza kubonyeza kulipa tu, nikasema ngoja kwanza niulize.

Nani mkweli hapo? Na kama kinahitajika kinatolewa wapi hapa Dar?

MkaziWaDeira

Mkuu usilipe hiyo linki, nakuomba. Nimekaa Emirati miaka sita, Deira kisha Sharjah, nimerudi Bongo juzi juzi tu, na hicho kitu nimekiona kinawaumiza watu wengi.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa mgeni aliyeingia Dubai na viza ya matembezi, kuna orodha ya nchi ambazo leseni zao wanazikubali zilivyo, nchi za Ghuba, nchi nyingi za Ulaya, Marekani na nyingine kadhaa. Tanzania haimo. Kwa hiyo wewe na mimi tunatakiwa tuwe na leseni yetu ya Tanzania PAMOJA na kile kibali cha kimataifa, wenyewe wanakiita IDP. Narudia pamoja, maana hapo ndipo watu wanapokosea, ile IDP sio leseni, ni tafsiri ya leseni yako. Ukienda nayo peke yake umeacha kadi yako Kimara ni sawa na hujaenda na kitu.

Ndio maana nasema hiyo ya miaka 10 ni uongo. IDP inatokana na mikataba ya kimataifa ya barabara, wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968. Ule wa 1949 kibali kinaishi mwaka mmoja, ule wa 1968 kinaweza kufika mpaka miaka mitatu na hapo hapo hakiwezi kuzidi uhai wa leseni yako. Hakuna mkataba wenye miaka 10. Na hakikai kwenye simu mkuu, ni kijitabu cha karatasi chenye jalada la kijivu, kina picha yako, kina mihuri, na ndani maneno yale yale yamerudiwa kwa lugha kadhaa. Mtu wa kaunta kule anakishika kila siku, ukimwonyesha kadi ya plastiki yenye nembo ya dunia anakijua kwa macho tu.

Kinatolewa na nchi iliyokupa leseni. Hapa kwetu nenda AA Tanzania, kile chama cha magari, beba leseni yako halisi, pasipoti na picha za pasipoti, bei waulize pale pale. Na ukitoe kabla hujapanda ndege maana ukishafika kule hakuna wa kukutolea, leseni yako siyo ya kwao.

Kitu kingine, hayo ni ya mgeni wa viza ya matembezi. Mdogo wako anayeishi Abu Dhabi kwa ukazi hawezi kutumia ya Bongo hata awe na IDP, ukishapata ukazi lazima uwe na leseni yao. Kwa hiyo usije ukamwachia usukani kwa sababu ni mwenyeji.

Mtata wa Sinza

Mimi naomba nitofautiane kidogo na mchangiaji hapo juu, sio kwa ubaya. Mwaka 2019 nilikaa Sharjah wiki mbili, nikakodi gari kwenye ofisi ndogo tu ya mtaani, nikatoa leseni ya Tanzania na kopi ya pasipoti na dipoziti ya keshi, nikapewa gari nikaendesha mpaka Ras al-Khaimah na kurudi. Hakuna aliyeniuliza hicho kijitabu, trafiki hata hawasimamishi watu barabarani kule kama hapa kwetu, ni kamera tu. Sasa naona tunamtisha mtu bure aende akapange foleni kwa kitu ambacho hakina kazi. Nasema nilichokiona kwa macho yangu.

DadaWaMadai

Kaka wa Sinza nakuamini kabisa kwamba ulipewa gari. Wengi wanapewa. Ila naomba niingie hapa maana hili ndilo linaloniuma, nafanya kazi upande wa madai kwenye bima hapa mjini mwaka wa tisa sasa na hili la "mbona nilipewa funguo" nalisikia kutoka kwa watu ambao tayari wameshalia.

Yule kijana wa kaunta anauza siku za gari. Anayelipa gari likigongwa ni mtu mwingine kabisa, hajawahi kukuona, hajui ulivyokuwa mstaarabu, anachofungua yeye ni faili. Na karatasi ya kwanza anayoitafuta kwenye faili ni kama dereva aliruhusiwa kuendesha gari hilo, katika nchi hiyo, siku hiyo. Siyo kama anajua kuendesha. Kama aliruhusiwa. Ukikuta sheria ya pale inasema mgeni wa nchi yako awe na leseni yake na kibali cha kimataifa, na wewe ulikuwa na kimoja tu, basi kwa karatasi wewe ni sawa na mtu asiye na leseni, na hapo bima inapata njia mbili, ama inagoma kulipa, ama inamlipa yule mliyemgonga halafu inageuka kukudai wewe hela yote. Emirati hiyo ya pili ipo kwenye masharti ya bima ya gari kabisa, dereva asiye na leseni inayotambulika anadaiwa alicholipiwa. Hata hapa kwetu soma ile karatasi ya bima ya gari lako, utakuta imeandikwa dereva awe na leseni halali.

Shemeji yangu yalimkuta, nchi na kampuni naviacha. Alikodi gari dogo siku tano, alitoa leseni ya Bongo ikakubaliwa, hakuulizwa kingine. Siku ya nne akaguswa nyuma kwenye taa, na kosa wala halikuwa lake sana. Kufika kurudisha gari ndipo wakakumbuka kuuliza kibali. Wakakata kwenye kadi yake gharama ya bampa na taa, wakakata siku zote gari lilizokaa gereji maana wao wanahesabu hizo siku lingekuwa linakodishwa, wakakata na ada ya kushughulikia faili. Na alikuwa amelipia ile bima kubwa ya ziada kaunta kila siku, hela nyingi tu, ikahesabika kama hakulipa kitu kwa sababu kwenye mkataba aliousaini kulikuwa na mstari mmoja unasema bima hiyo haifanyi kazi kama dereva hana vibali vinavyotakiwa na sheria. Yule dada wa kaunta ndiye aliyeikopi leseni yake siku ya kwanza na ndiye aliyemkatalia siku ya mwisho. Shemeji mpaka leo hataki kuongelea ile safari.

Kwa hiyo BabaWawili, usikichukue hicho kijitabu kwa ajili ya trafiki. Kichukue kwa ajili ya siku usiyoipanga, una mama mzee na watoto wawili ndani ya gari.

Na mengine mawili nikiwa hapo hapo. Kwanza uliza kabla hujasaini, ikitokea ajali mimi nalipa shilingi ngapi kutoka mfukoni kabla bima yenu haijaanza kulipa, maana hata bima kubwa huwa ina kiwango kinachobaki kwako, na kinatofautiana sana, wasipokuambia kwa namba usisaini. Pili, Emirati gari likipata hata mkwaruzo mpigie polisi usubiri ripoti, gereji kule haziruhusiwi kutengeneza gari lililogongwa bila karatasi ya polisi, na bima bila hiyo karatasi haitaki hata kukusikia. Hapa tumezoea kushuka, kuongea, kupeana namba, kila mtu akaondoka. Kule usifanye hivyo hata kama uliyemgonga ni mpole na anakuambia nenda tu.

Mtata wa Sinza

Dada nimekuelewa. Kusema kweli sikuwahi kuliwaza upande huo, niliona gari limerudi salama nikahesabu nimemaliza. BabaWawili fuata hayo, ya kwangu yaache.

MzeeMstaafu_Mbagala

Vijana shikamooni wote mnaostahili kunipa, na mimi nawapa marahaba yenu.

Nina jambo ambalo sijaona mtu ameligusa nalo ni hilo daraja D. Mwanangu wa Kimara, kwetu hapa D ni gari dogo la binafsi, tumezoea, hatuna wasiwasi nalo. Lakini kwenye ile mikataba waliyotaja herufi hazikupangwa kama zetu. Kule B ndio gari dogo, lisilozidi kilo 3,500 na viti nane ukiacha cha dereva, na D ni BASI. Kwa hiyo mzungu au mwarabu akiishika kadi yako akaona D peke yake anaweza kufikiri wewe una leseni ya mabasi na huna ya gari dogo, na siyo kosa lake, anasoma anavyofundishwa.

Hilo lilinipata mwenyewe Afrika Kusini. Kijana wangu alikuwa anasoma Durban nikaenda kwenye mahafali yake, nikashuka Johannesburg nikataka kukodi gari niteremke nalo taratibu nione nchi maana nimeendesha malori maisha yangu yote, Tunduma, Kasumulu, Rusumo, najua kukaa kwenye usukani. Sheria ya kule kwetu watu wa SADC iko wazi, leseni za nchi wanachama zinatambulika, na mimi nilikuwa najua hivyo. Lakini yule binti kaunta alikaa na kadi yangu akaigeuza mbele akaigeuza nyuma, kwao herufi hiyo haipo kabisa kwenye magari, wao wana B na C1 na EC na kadhalika, akaniuliza baba hii D ni nini. Nikamweleza. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akaja, nikaeleza tena. Saa nzima na nusu nimesimama pale na kiu, mpaka nikatoa kile kijitabu ambacho kwa bahati mwanangu alinishauri nikitoe Dar, akafungua ukurasa wenye madaraja akaona muhuri umegongwa kwenye B, ikaisha hapo hapo. Dakika mbili.

Kwa hiyo mtu wa ofisi akikupa hicho kijitabu usikitie mfukoni ukaondoka. Kifungue pale pale dirishani, tazama muhuri umekaa kwenye B. Wakikosea wakakugongea kwenye D kwa sababu wameinakili herufi ilivyo kwenye kadi, umebeba tatizo.

Njia yenyewe ya kwenda Durban, ile N3, ni nzuri, inafika kama kilomita 570, unapita vituo vya kulipia, De Hoek, Wilge, Tugela, Mooi, Mariannhill, weka hela ya njia karibu. Mwendo wao mwisho ni 120 kwenye barabara kubwa na 60 mjini, na wanaendesha kushoto kama sisi. Ukitaka kuvuka kuingia Lesotho au Eswatini uombe barua ya kampuni kabla, bila hiyo mpakani hupiti na gari la watu.

MamaVitenge_Kkoo

Shikamoo mzee Mbagala. Mimi naongezea kwa wanaoenda China kufuata mzigo maana naona vijana wanadhani hicho kijitabu kinafungua dunia nzima. China bara hakifanyi kazi kabisa, hawapo kwenye hiyo mikataba. Kule mgeni anayetaka kuendesha anaomba kibali chao cha muda mfupi, kwa viza ya miezi mitatu kushuka chini, na leseni yako itafsiriwe Kichina. Kwa mimi wa Guangzhou siku kumi sijawahi kuona sababu, metro inafika kila soko na mzigo unabebwa na wenye kazi zao. Lakini mtu asije akafika na IDP yake akadhani kamaliza.

Na Japani nao wana masharti yao, wanakubali ile ya mkataba wa 1949 tu, ya 1968 wanaikataa. Kwa hiyo kabla hujatoa hicho kijitabu mwambie mtu wa dirishani unaenda nchi gani.

Nahodha_wa_Nungwi

Mimi niko upande wa pili wa hili jambo, nawatembeza wageni Unguja. Sisi wenyewe tuna utaratibu wetu, mgeni kutoka nje akitaka kuendesha gari au pikipiki hapa kisiwani anatakiwa awe na kibali cha Zanzibar, na mara nyingi kampuni inayomkodisha ndiyo inayomshughulikia. Kila wiki namuona mgeni amesimamishwa barabara ya Nungwi analalamika kwamba leseni yake ya kwao ni nzuri kuliko zetu zote. Inaweza kuwa nzuri, ila siyo ya hapa. Nikimuona yule najua ndivyo Mtanzania anavyoonekana Dubai akibishana kaunta.

BabaWawili_Kimara

Aisee nashukuru sana, yaani ile linki nimeifuta na yule aliyenitumia nimemwandikia asiwatumie wengine. Mzee wangu wa Mbagala shikamoo, hilo la D ningelijulia wapi mimi.

Nina maswali mengine matatu naomba mnivumilie. Jina, leseni yangu ina majina mawili ila pasipoti ina matatu. Kadi, mimi nina ile Visa ya benki ya kawaida ya kutolea hela na nyingine ya kwenye simu, nimesoma wanataka kredit kadi. Halafu mke wangu naye ana leseni na angependa tupokezane kwenda Abu Dhabi, inawezekana?

MkaziWaDeira

Kwa jina, mtu wa AA atakuandikia kutoka kwenye hati zako kwa hiyo muonyeshe zote mbili umwambie kabisa zinatofautiana, asije akaandika la tatu lisilofanana na lolote. Halafu andikia kampuni ya magari barua pepe wiki mbili kabla, ambatanisha picha ya leseni, ya kijitabu na ya pasipoti, waulize "nitapewa gari kwa hizi?" Jibu lao liprinti ulibebe. Mimi nimeona watu wanalipa onlaini wanafika saa nane usiku eyapoti wamechoka, kaunta wanakataliwa, na hela hairudi kwa sababu masharti yanasema kuleta hati sahihi ni kazi ya mteja.

Kadi. Kampuni kubwa zinataka kredit kadi yenye jina la dereva mwenyewe, wanashikilia dipoziti humo na wanaendelea kuishikilia wiki mbili mpaka nne baada ya wewe kurudisha gari, wanasubiri faini na tozo zije. Ile kadi ya kwenye simu usiitegemee kabisa. Kampuni ndogo ndogo nyingine zinapokea dipoziti ya keshi, ila hapo mkataba usome mstari kwa mstari na upige video gari lote kabla hujawasha, rimu, kioo, chini ya bampa, na kilomita zilivyosoma. Dipoziti ya keshi kuirudisha ni kazi zaidi kuliko kuitoa. Kama una mwezi bado nenda benki kwako ukaulizie kredit kadi, wapo wanaotoa kwa kuzuia hela kwenye akaunti yako.

Mkeo anaweza, ila awe na IDP yake mwenyewe na jina lake liandikwe kwenye mkataba kama dereva wa pili, kwa kawaida wanaongeza hela kidogo kwa siku. Akikaa kwenye usukani bila jina lake kuwepo ni yale yale ya dada wa madai. Na umri, kampuni nyingi zinaanzia miaka 21 na magari makubwa wanataka 25, sidhani kama linawahusu.

Sasa kuendesha kwenyewe, hapa nataka unisikilize vizuri maana karatasi zinaweza kuwa safi zote na bado ukapata shida.

Kule ni kulia. Usukani uko kushoto, na mkono wa indiketa na wa waipa vimebadilishana na ulivyozoea kwenye gari la Kijapani la hapa, siku nzima ya kwanza utakuwa unawasha waipa ukitaka kukata kona. Hilo dogo. Kubwa ni kipilefti, unaingia kwa kulia unazunguka upande wa pili na wa kumpisha anatokea kushoto kwako, macho yetu yamezoea kutazama kulia. Na hatari zaidi siyo barabara kubwa yenye magari, ni asubuhi unatoka hotelini barabara tupu, kichwa kinakurudisha Kimara unaingia kushoto. Mwambie mkeo kila mnapotoka parking aseme kwa sauti "kulia". Mimi mwezi wa kwanza mwenzangu alikuwa ananiambia hivyo kila siku na mara mbili aliniokoa.

Siku ya kufika usichukue gari eyapoti kama ndege inatua usiku. Panda teksi ulale, kesho yake asubuhi ya utulivu ndio uchukue, zunguka mitaa ya nyuma nusu saa bila mama na watoto, ndipo uingie Sheikh Zayed Road. Ile ina njia nyingi kila upande na watu wanakwenda, ukikosea njia ya kutokea USIKATE ghafla, endelea mbele utageuzia huko. Kwenda Abu Dhabi ni kama kilomita 140, hujafika hata Moro.

Tozo za Dubai zinaitwa Salik, hakuna kituo cha kusimama, unapita chini ya geti linasoma stika. Tangu mwisho wa Januari 2025 ni dirham 6 saa za msongamano, 4 saa nyingine, na kuanzia saa saba usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni bure. Abu Dhabi nao wana ya kwao inaitwa Darb, dirham 4 saa za msongamano. Kampuni itakukata yenyewe na wengine wanaongeza kidogo juu, uliza.

Kamera. Dubai kamera zinakuachia kilomita 20 juu ya namba ya kwenye kibao, Abu Dhabi hiyo nafasi waliiondoa 2018, kibao kikisema 140 ni 140. Watu wengi wanatoka Dubai na mwendo ule ule wanavuka mpaka wa emirati wanakusanya faini bila kujua, na hujui mpaka ikatwe kwenye kadi. Taa nyekundu usijaribu kabisa, ni dirham 1,000, karibu dola 272, na gari linazuiwa siku 30, na gari la kukodi likizuiwa hizo siku ni zako. Siyo ile elfu 30 yetu unalipa kwa kontrol namba unaendelea na safari.

Watoto. Huyo wa miaka 3 lazima awe na kiti chake cha mtoto, sheria inasema mpaka miaka 4, faini dirham 400. Kiagize pamoja na gari mapema maana Desemba vinaisha. Na huyo wa miaka 8 haruhusiwi kukaa mbele, chini ya miaka 10 au chini ya sentimita 145 ni nyuma. Na kila mtu mkanda, mpaka mama huko alipo.

DadaWaMadai

Naomba nisisitize hiyo ya barua pepe. Ukishakuwa na jibu lao la maandishi kwamba hati zako zinatosha, hata likitokea la kutokea una kitu cha kuweka mezani. Maneno ya mdomo ya kaunta hatuwezi kuyafanyia kazi.

BabaWawili_Kimara

Wakuu nimerudi kuleta mrejesho kama ilivyo ada.

Jumanne niliomba ruhusa kazini nikaenda na mke wangu tukatoa vyote viwili, changu na chake. Nilifungua pale pale dirishani kama mzee alivyosema, muhuri wangu uko kwenye B. Wa mke wangu walikuwa wamegonga kwenye B na kwenye A, na yeye pikipiki hajawahi kuendesha na kwenye leseni yake haipo, nikawaonyesha wakamwandikia kingine bila shida. Mzee Mbagala Mungu akuweke, ningetembea nacho hivyo hivyo. Changu kinaishia mwezi wa tatu pamoja na leseni yenyewe, kwa safari ya Desemba kinatosha, nikirudi nita-renew leseni ile ya elfu 70 ya miaka mitano.

Kampuni tatu niliziandikia. Mbili zimejibu kwamba leseni na IDP zinatosha, ya tatu imenijibu nilipe kwanza ndio waniambie, hiyo nimeiacha. Kredit kadi benki wamesema siku kumi na nne za kazi, naisubiri. Kiti cha mtoto nimeshakiagiza.

Jioni nikamweleza mama yote hayo, gari, mkataba, kulia badala ya kushoto. Alichouliza ni kama atakaa mbele maana nyuma magoti yanabanwa. Nikamwambia mbele ni kwake, wajukuu wote sheria imewapeleka nyuma.

MzeeMstaafu_Mbagala

Kiti chake kisogeze nyuma mpaka mwisho kabla hajapanda, na kila kilomita 70 hivi msimame anyooshe miguu. Mfikishe salama mwanangu.